Video ya Kupamba Juu ya Nakala Yangu

Ijumaa, Agosti 2015

Leo joto limeamka kabla yangu. Unyevu umekuwa mwingi hata miwani inafunga ukungu ukitoka tu mlangoni, na mimi nimeshinda nikitoka na kuingia, kwa hiyo nimeshinda nikifuta miwani kwa shati.

Nina hasira. Nalisema mapema ili mtu asije akafikiri baadaye nitatulia. Sijatulia. Nimekoga, nimeswali, nimekunywa chai, na bado taya zinaniuma kwa kuzibana.

Majina humu nimeyabadilisha. Atakayejitambua na ajitambue.

Kwa wasionijua: natunza kompyuta za ofisi moja ya mizigo hapa Deira, Dubai. Watu wa Mombasa, Kampala, Unguja, wote huleta vitu vyao vya kupeleka nyumbani, sisi tunavifunga kwenye maboksi, tunajaza kontena, kontena linakwenda Mombasa kwa meli. Juu ya boksi hatuandiki jina. Zamani tuliandika, na wajanja wa njiani wakawa wanachagua kwa majina nani wa kumfungulia. Siku hizi ni namba tu, na namba yenyewe boksi huipata siku ya kupakia. Ya nani, anapokea nani, ndani mna nini, hayo yote yamo kwenye hifadhidata moja, ndani ya seva moja, chini ya meza yangu.

Sasa fikiria seva ile imekufa. Kontena linafika Mombasa limejaa maboksi yasiyo na wenyewe. Na sasa hivi tunalo moja baharini, limejaa mpaka mlangoni, linateremshwa wiki ijayo.

Na wa kurudishwa nyumbani ni mimi. Viza yangu iko kwa kafeel, mdhamini wangu na mwenye ofisi, Mwarabu wa hapahapa ambaye sote tunamwita sir. Kwake mimi ni "computer man". Kompyuta ikifa, aliyeiua ni computer man. Hakuna kesi hapo.

Programu yetu ya hifadhidata ni kuukuu. Walioiunda wameshaacha hata kuiziba matundu, na mfumo mpya wa mizigo alioununua sir hautaki kuzungumza nayo. Kwa hiyo ilikuwa lazima tupandishe toleo. Sikuipinga kazi hiyo. Nimeidai mimi mwenyewe tangu mwaka jana. Nilichokipinga ni namna meneja wetu, Bwana Twalib, anavyoiona: kwamba kupandisha toleo ni kubonyeza "Next" mpaka mashine iseme "Finish".

Nilimweleza Jumatatu. Nikamweleza tena Jumatano, polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani, maana sote wawili ni watu wa Mombasa na hakuna sababu ya kusumbuana na Kiingereza. Nikamwambia, kwanza nachukua nakala ya kila kitu. Kisha nairudisha nakala hiyo kwenye mashine nyingine, niifungue, nione kama kweli inafunguka, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu. Kisha napandisha toleo kwenye hiyo mashine nyingine, nione inavunja nini. Ikivunja, haijavunja chetu. Baada ya hayo yote ndipo naigusa seva yenyewe, na nikiigusa, mtu asiiguse.

Nikamwomba diski ya pili ya nje, nakala ziwe mbili, moja nilale nayo kwangu.

"Moja yatosha," akasema. "Kwani tutazitia achari?"

Bwana Twalib si mtu mbaya. Kila mtu ananiambia hivyo leo, na mimi najua. Ni mkarimu, mcheshi, ukiumwa atakuja na supu. Lakini ni mtu anayeona mambo yanakwenda akadhani yanakwenda yenyewe. Vyaelea, vimeundwa, Bwana Twalib. Kuna mtu anaviunda chini ya meza, amepiga magoti, ana vumbi kwenye nyusi.

Haya. Alhamisi jioni nilichukua nakala, nikaiweka kwenye ile diski moja pamoja na nakala za wiki za nyuma, nikaitia kwenye droo yangu. Droo haina kufuli. Hili ni langu na nalikubali. Nilikuwa nimechoka, nikasema nani ataiba diski.

Asubuhi ya leo ofisi ilikuwa imefungwa, kama Ijumaa zote mpaka alasiri. Nilitayarisha ile mashine ya majaribio, nikaitia toleo lile kuukuu ili nirudishe nakala juu yake. Kwenye seva yenyewe nikafungua programu ya kupandisha toleo, nisome tu itaniuliza nini, nikaiacha ikisubiri kitufe. Adhana ikanikuta hapo. Nikamwambia Bwana Twalib, aliyekuja kupiga hesabu zake, "Usiguse hii. Nikirudi najaribu nakala kwanza." Akaitikia "inshallah". Ningeijua inshallah ile ni ya aina gani ningeing'oa seva ukutani nikaenda nayo msikitini.

Tukaenda kuswali msikiti mmoja, yeye safu ya mbele, mimi ya nyuma. Wanaojua Ijumaa za watu wa pwani hapa Deira wanajua kwamba swala ikimalizika mtu haondoki. Mnasimama nje kwenye kivuli, mnaulizana nani kaja, nani karudi, nani kafiwa, mkono wa huyu hauachi mkono wa yule. Kisha mtu anasema twendeni tukale wali. Nikaenda kula wali. Bwana Twalib yeye alitoa salamu ya mwisho akapenya kurudi ofisini, maana alitaka mashine iwe tayari wateja wakija.

Niliporudi nilimkuta amesimama kando ya meza yangu, mikono nyuma.

Skrini nyeusi. Maandishi meupe. Mstari wa mwisho unasema hifadhidata haifunguki.

"Imefanya nini?" nikauliza.

"Niliibonyeza kidogo," akasema. "Ikaenda vizuri, ikaenda, kisha ikaganda. Haisogei bwana. Nikaizima nikaiwasha, kama TV."

Haikuganda. Ilikuwa inageuza majedwali kutoka muundo wa kale kwenda mpya, jedwali moja baada ya jingine, na lile la maboksi ni kubwa, kwa hiyo alama ya maendeleo inasimama pale pale kwa muda mrefu. Inafanya kazi. Ukimzima mtu kazini nusu ya kazi, unapata nusu ya kazi. Nusu ya majedwali yetu yamekuwa mapya, nusu ya kale, na lile la maboksi limekatika katikati, halisomeki kwa toleo jipya wala la zamani.

Nikajizuia. Wallahi nilijizuia. Nikajiambia, ndiyo sababu ya kuwa na nakala. Nikafungua droo.

Droo ilikuwa na mkasi, chaja na pakiti ya biskuti.

Nilimgeukia na nadhani aliisoma sura yangu, maana alianza kujibu kabla sijauliza. "Kile kidude cheusi? Kile nalimpa mama watoto jana usiku. Shemeji yangu aliolewa Mombasa, video ya kupamba imeletwa, ilitaka kitu cha kuitia waione kwenye TV. TV ikakataa kukisoma, nikakifuta kwanza ndipo ikakubali."

Alisema "nikakifuta" kama mtu anayesema alifuta meza.

Kwa msomaji wa bara: kupamba ni siku ya wanawake ya harusi. Bibi arusi anakalishwa amepambwa, na wanawake wote wamevua mabuibui, nywele nje, nguo walizoshona miezi mizima, wanacheza. Mwanamume haingii. Simu zinakusanywa mlangoni. Mpiga video ni mwanamke, na video yenyewe haipiti kwenye mtandao hata siku moja, kwa sababu ikivuja ni heshima ya familia nzima. Kwa hiyo inasafiri mkononi, ndani ya mkoba wa shangazi, mpaka Dubai. Ni desturi nzuri. Dada zangu wamo kwenye video za namna hiyo na nitamvunja mkono mwanamume atakayezitazama.

Ila leo video hiyo ilikuwa imekaa juu ya nakala yangu.

Nikamwambia maneno fulani. Sitayaandika. Akasema, "Basi tena, maji yashamwagika, hayazoleki." Nikamwuliza ni nani aliyeshika ndoo. Nikachukua laptopu ya ofisi, tukaingia kwenye gari lake kwenda kwake Bur Dubai, na njia nzima yeye akiwahimiza madereva wengine "yalla, yalla".

Diski iliyofutwa haraka-haraka haijafutika kweli. Kinachofutika ni mpangilio tu. Vitu vimo ndani mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuna programu ya kuvifukua, na laptopu ilikuwa nayo. Kwa hiyo kulikuwa na nafasi, ndogo, na kila mtu akizidi kuandika kitu kwenye diski ile nafasi inazidi kuwa ndogo. Ndiyo maana nilipanda ngazi mbio na sikungoja lifti.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Viatu mlangoni hadi kwa jirani. Ndani nyimbo, vigelegele, harufu ya udi na mahamri. Walikuwa wanaitazama video hiyo hiyo, dakika ile ile, diski imechomekwa kwenye TV.

Bi Rukia, mke wa Bwana Twalib, akatoka amejifunga leso kichwani, akaufunga mlango nyuma yake. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama mumewe, kisha akanitazama mimi.

"Diski siitoi nje, kaka Salim. Mna dada zangu mle, mna mama yangu. Hiyo programu yako itafukua kila kitu, si ndiyo? Na picha itaonyesha?"

Nikasema ndiyo, itaonyesha vijipicha vya kila faili.

"Basi hutazami. Na wewe," akamgeukia mumewe, "hutazami vilevile."

Niwe mkweli. Nilikuwa na hasira ya kuvunja mlango, na papo hapo nilijua kwamba mama huyu yuko sawa. Ndicho kilichoniudhi zaidi. Mtu mmoja tu mle jengoni alikuwa akilinda kitu alichokabidhiwa, na alikuwa anakilinda dhidi yangu.

Nikampa laptopu. Nikamwambia, "Basi ichomoe kwenye TV uichomeke humu, ufanye wewe, mimi nitasema kutoka hapa."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya na kompyuta, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jengo la Bur Dubai, nimeupa mgongo mlango ulioachwa wazi kidogo, jasho linanitiririka, nikimwelekeza mwanamke nisiyemwona afanye kitu nisichokiona. Kando yangu Bwana Twalib anatazama saa. Aliniuliza kama tutawahi kufungua ofisi. Kuna majibu mtu akiyatoa hana kazi tena.

Bi Rukia alikuwa akisoma kila neno lililotokea kwenye skrini kwa sauti, herufi kwa herufi pale alipokuwa hana hakika. Kuuliza si ujinga. Laiti ingekuwa desturi ya nyumba nzima.

"Imemaliza kutafuta. Inasema imepata faili. Haya mengine ni ya harusi... hili ni refu, lina jina la ofisi yenu na neno Thursday."

"Lichague hilo. Hilo peke yake."

"Nimelichagua. Sasa inauliza nihifadhi wapi. Imeshajiandikia yenyewe diski hii hii. Nikubali?"

"Usiguse!"

Nilipiga kelele mpaka vigelegele vya ndani vikanyamaza. Angekubali, programu ingeiandika nakala juu ya nakala yenyewe ikiwa inaisoma, na tungebaki bila kitu. Nikamwomba radhi kwa sauti ya chini. Nikamwambia achague laptopu, folda niliyoitayarisha. Akasema, "Nimechagua. Na usinipigie kelele nyumbani kwangu." Nikasema sirudii.

Ilichukua muda mrefu. Ndani wale mashangazi walianza kulalamika kwamba video imekatwa bibi arusi akiwa nusu ya ngazi. Bi Rukia akawaambia wangoje, kuna maboksi ya watu baharini. Alisema kwa maneno hayo hayo, "maboksi ya watu". Mumewe hajawahi kuyaita hivyo. Kwake ni "cargo".

Akanirudishia laptopu mlangoni, vijipicha vyote amevifunga, faili moja tu. Nilipotazama ukubwa wake ulikuwa ule ule wa Alhamisi. Nakala za wiki za nyuma ndizo zilizokuwa mwanzoni mwa diski, na ndizo zilizokanyagwa na video. Ya mwisho ilikuwa mbali kidogo, haikufikiwa. Hiyo si akili yangu wala ya mtu mwingine. Ni bahati, na nachukia kuendesha ofisi kwa bahati.

Tuliporudi Deira milango ilikuwa imeshafunguliwa na mteja mmoja alikuwa anangoja. Prossy, Mganda, mlinzi wa duka moja kubwa, bado amevaa sare. Boksi lake limo kwenye kontena lililoko baharini: cherehani ya mama yake na nguo za watoto alizozikusanya tangu alipofika.

"Please, mimi nataka namba tu," akasema. "Brother yangu anatoka Kampala Sunday kuenda Mombasa. Hawezi enda kama hana namba ya box."

Bwana Twalib akaegemea kaunta, akatabasamu lile tabasamu lake la supu. "Samahani sana, dada. System iko chini. Kijana wetu wa computer aliiharibu kidogo, lakini anatengeneza."

Nilikuwa nimepita nyuma yake na laptopu mkononi. Nililisikia lote.

Sikusema kitu. Nimekuwa nikijiuliza jioni yote kwa nini sikusema kitu. Nilienda chini ya meza, kwenye ile mashine ya majaribio, nikairudisha nakala. Ilifunguka. Nikahesabu maboksi ya kontena la mwisho, yakalingana na orodha ya bandarini. Kila mmoja na boksi lake. Nikaihamisha mitambo yote ya ofisi izungumze na mashine hiyo, toleo lile lile kuukuu, hai. Kisha nikachukua nakala mbili, moja kwa diski mpya niliyokwenda kuinunua mwenyewe duka la pili, na hiyo iko kwenye begi langu hapa ninapoandika.

Nikampelekea Prossy namba yake kwenye kikaratasi. Akaisoma mara mbili, akaibusu.

"God bless you, my brother," akasema. Kisha akaninyooshea kidole, kwa wema kabisa, kama dada mkubwa. "Lakini next time usiharibu vitu ya watu, eh?"

Nikasema sawa.

Nikasema SAWA.

Na kana kwamba haitoshi, nikiwa nafunga begi, nikamsikia Bwana Twalib kwenye simu na sir. "Yes sir. Upgrade finished, sir. Everything new, very good. Khalas." Akakata, akanipiga begani. "Kesho imalizie kimya kimya. Nani atajua?"

Hakuna kilichopandishwa. Toleo ni lile lile. Mfumo mpya wa sir ukiunganishwa kesho utakataa, na kesho hiyo hiyo, mbele ya sir, kijana wa computer atakuwa ameharibu tena. Na ili usikatae, nifanye kwa saa chache, wateja wakiwa kaunta, kitu kile kile kilichotuua leo, bila kujaribu. Hapana.

Nimerudi kwangu Discovery Gardens kwa metro, nimesimama safari nzima ingawa viti vilikuwepo. Wenzangu wa chumba wako jikoni. Nimekaa kitandani nikamwandikia sir kwenye WhatsApp, kwa Kiingereza kifupi asichoweza kukikosea: upgrade haijafanyika. Ilizimwa katikati. Data yote iko salama. Nitaifanya Ijumaa ijayo, baada ya kuijaribu kwenye mashine nyingine, na hakuna mtu atakayekuwa na nywila isipokuwa mimi.

Alama zikageuka buluu mara moja. Jibu lake lilikuwa fupi.

"Who switched off?"

Nikaliandika jina. Twalib. Kidole kikakaa juu ya kitufe. Nikamkumbuka Bi Rukia nyuma ya mlango akisoma herufi moja moja, na viza yake na ya wanawe imening'inia kwenye kazi ya mumewe kama yangu inavyoning'inia. Nikalifuta. Nikakumbuka kile kidole cha Prossy. Nikaliandika tena. Nikalifuta tena, na sasa nikajikasirikia mimi kuliko yeyote, kwamba siku nzima watu wanafanya watakavyo na mimi ndiye ninayebaki kuwaonea huruma.

Mwishoni nimemjibu: "Mr Twalib will tell you himself tomorrow morning, sir. If he doesn't, ask me again."

Kisha nikaipiga picha skrini, swali na jibu, nikamtumia Bwana Twalib.

Simu inalia. Ni yeye. Imekatika, imeanza tena. Mwenzangu amechungulia kutoka jikoni, anauliza kwa nini sipokei. Nimemwambia mpigaji hana la kuniambia mimi, mtu wa kumwambia anamjua, na namba yake anayo.